AP imegoma kujiunga na kontrola: usiirisiti kwanza, tafuta imekwamia wapi

Saa nne usiku simu inaita, meneja wa hoteli moja ya pwani. "Fundi, samahani kwa usumbufu wa usiku, waifai ya kule nyumba za ufukweni imekufa tangu juzi, aliyekuja kubadilisha kontrola amezirisiti AP zote mara tatu na bado, wageni wote wanahamia mapokezi." AP ndo vile vifaa vinavyorusha waifai, na kontrola ndo bosi anayeziongoza zote kutoka sehemu moja. Nikamuuliza swali moja tu, jengo kubwa je? Akasema jengo kubwa ziko poa, AP zote 9 zinafanya kazi, hizi 5 za ufukweni ndo hazionekani kabisa. Nikamwambia asimruhusu mtu yeyote kuzirisiti tena mpaka nifike.

Jibu lake lile lilikuwa limeshanipunguzia nusu ya kazi kabla sijapanda boti, na kwa nini iwe hivyo ndo nataka tuelewane hapa, kwa sababu sentensi ya "AP haijiungi" naisikia karibu kila wiki na karibu kila mara inakuja peke yake bila kingine chochote. Ni sawa na mgonjwa kumwambia daktari "naumwa" halafu akanyamaza. AP mpaka ianze kurusha waifai inapita safari ndefu: ipate umeme, ipate laini kwenye swichi ya mtandao, ipewe IP (anwani yake ya mtandao), ijue kontrola iko wapi, waoneshane vyeti vya utambulisho, ishushe fimwea (programu yake ya ndani) kama zao hazilingani, ichukue mipangilio, ndo redio zifunguke. Inaweza kukwama popote humo njiani, na kwenye dashibodi zote utaziona sawasawa, kidoti chekundu. Lakini kila hatua inaacha alama yake mahali fulani, taa ya swichi, orodha ya DHCP (huduma inayogawa IP), logi (kumbukumbu za matukio) ya kontrola, kwa hiyo kazi ya fundi ni kuuliza imefika hatua ipi, sio kujaribu kila kitu anachokumbuka.

Na ndo maana kurisiti nakupinga sana kama hatua ya kwanza. Ukishikilia kile kitufe unafuta IP ya kudumu kama ilikuwepo, unafuta orodha ya kontrola ambazo AP ilikuwa inazikumbuka, na kama ilikuwa na logi ya kukuambia tatizo nayo umeipoteza. Ulikuwa na tatizo moja sasa unayo mawili.

Tuondoe kwanza mkanganyiko wa neno poti maana watu wanapotezana hapa. Mtu anaandika "poti ya kontrola imefungwa" na wenzake wanamjibu kila mmoja na lake, huyu anazungumzia tundu la waya nyuma ya kontrola, yule anazungumzia namba ya poti kwenye fayawoli (ukuta wa ulinzi wa mtandao). Ni vitu viwili tofauti kabisa na vyote vinaweza kuizuia AP. Nitaanza na tundu, namba zitafuata.

Chini kabisa ni umeme na waya, na ukitaka kuokoa muda wako anzia hapa hata kama unahisi tatizo liko juu. PoE ni umeme unaopita kwenye waya wa mtandao; ile ya zamani, 802.3af, swichi inatoa wati 15.4 na kwenye AP zinafika kama 12.95 tu kwa sababu nyingine zinapotea kwenye waya. Ile ya 802.3at inatoa 30 na zinafika 25.5. AP za Wi-Fi 6 nyingi zinataka at, ukizipa af baadhi zinawaka vizuri tu taa inang'aa ila zinapunguza redio, nyingine zinawaka zikifika kufungua redio zinazima zinaanza upya, na we unakaa unahangaika na fayawoli. Alafu kuna bajeti ya swichi nzima. Swichi ya poti 24 yenye bajeti ya wati 190, kila AP ikitengewa 15.4, ni AP 12 tu hapo bajeti imeisha, ya 13 itachomekwa na haitawaka, na wala poti sio mbovu.

Waya sasa. Kikomo ni mita 100 kutoka swichi, na hizo mita 100 ni za kebo ya shaba halisi. Zile kebo rahisi za alumini iliyopakwa shaba zinapita data kwenye umbali mfupi ila ukipitisha PoE umbali mrefu zinaangusha umeme, mi nimeshaacha kuzitumia kabisa kwenye AP. Kipimo cha haraka ambacho hakihitaji kifaa chochote: angalia spidi ya poti kwenye swichi. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya, kama AP ni ya gigabiti na poti inasema 100, basi kuna jozi imekufa au imelegea, nenda kwenye kichwa cha RJ45 kabla hujaenda kokote. Kwa sisi wa pwani ni zaidi, ile hewa ya chumvi inaingia kwenye pini zinaota kutu ya kijani, unakuta kichwa nje kinaonekana kipya kabisa.

Umeme upo na laini ipo, sasa swichi. Poti ya AP iko VLAN ipi, yaani mtandao gani kati ya ile iliyotengwa ndani ya swichi? Kama AP inapeleka data yote kwa kontrola, poti ya akses yenye VLAN moja inatosha. Kama AP inamwaga data ya wateja pale pale kwenye swichi, yaani mtindo wa FlexConnect kwa Cisco au ndivyo UniFi ya Ubiquiti na Omada ya TP-Link zinavyofanya kwa kawaida, hapo unahitaji tranki (poti inayobeba VLAN nyingi, zikitofautishwa kwa tegi, yaani lebo), AP yenyewe ikae kwenye VLAN isiyo na tegi na VLAN za wageni na wafanyakazi ziruhusiwe juu yake. Mtu akisahau kuruhusu VLAN ya wageni kwenye tranki utapata malalamiko ya ajabu, AP imejiunga vizuri, jina la waifai linaonekana, mteja anaunganishwa ila hapewi IP. Hiyo sio shida ya kontrola hata kidogo.

Angalia pia kama swichi imeizima poti yenyewe kwa usalama, kwa mfano kulikuwa na ulinzi wa MAC (namba ya utambulisho wa kifaa) moja na we umebadilisha AP. Na kama spanning tree (kinga ya swichi dhidi ya nyaya kuzunguka duara) ya zamani iko kwenye hali ya kawaida, poti inakaa sekunde 30 inasikiliza na kujifunza kabla ya kupitisha chochote, AP imeshaomba IP ikakosa. Poti za AP ziwekee portfast, zisisubiri.

Kwenye IP pana ugonjwa mmoja mkubwa: bwawa la DHCP limejaa. Mtandao wa /24 una anwani 254 tu, ukiweka AP na simu za wageni kwenye VLAN moja, na seva ya DHCP ya Windows kwa kawaida inampa mtu anwani kwa siku 8, basi mgeni aliyeondoka Jumatatu bado ameshikilia anwani yake mpaka wiki ijayo. AP ikiwashwa upya baada ya umeme kukatika inakuta zimeisha. UniFi ikikosa DHCP inajipa 192.168.1.20, kwa hiyo ukiiona hiyo namba kwenye mtandao wako ambao sio 192.168.1 ujue hapo ndo imekwama, haijafika hata kwenye kumtafuta kontrola. Tenga VLAN ya AP peke yake, utanishukuru.

Sasa tundu za kontrola yenyewe. Hapa nimeona watu wazuri kabisa wakipoteza siku nzima.

Kontrola za Cisco za kizazi cha AireOS, zile 5508, 5520 na wenzake, zina tundu moja linaitwa service port na matundu mengine ya kazi. Kwa macho yote ni matundu ya mtandao tu. Lile la service ni la fundi kuingia pembeni kama mtandao umekufa, AP hazijiungi kupitia hapo, na IP yake haitakiwi kuwa kwenye mtandao mmoja na ile ya menejimenti. Ukiziweka mtandao mmoja kontrola inaweza kujibu kupitia tundu lisilo sahihi, ping (jaribio la kuita na kusubiri jibu) inaenda hairudi, AP inauliza haijibiwi, na kwenye skrini kila kitu kiko kijani. AP zinajiunga kupitia intafesi ya menejimenti, au ap-manager kwenye mipangilio ya zamani. Angalia pia ile namba ya VLAN kwenye menejimenti, ukiandika 0 maana yake ni bila tegi, kwa hiyo upande wa swichi VLAN ya bila tegi ndo iwe ya menejimenti. Ukiandika 20 huku na swichi nayo inaitoa 20 bila tegi, hamtaelewana kamwe, kila mmoja anaongea mwenzake hasikii.

Alafu LAG, kuunganisha matundu kadhaa yawe bomba moja. Kontrola za AireOS haziongei LACP wala PAgP, lugha za vifaa kupatana kuunda bomba hilo, kwa hiyo upande wa swichi lazima uweke channel-group mode on. Fundi aliyezoea seva anaweka active kwa mazoea, swichi inasubiri mwenzake aongee LACP, haongei, na laini hazifanyi kazi kama kundi. Na ukiwasha LAG kwenye hizo kontrola inabidi uiwashe upya, watu wanasahau hilo. Kwenye Catalyst 9800 mambo yamebadilika, LACP inakubalika. Usichanganye mwongozo wa moja na nyingine, nusu ya maelezo utakayoyakuta mtandaoni hayasemi ni ya kontrola ipi.

Kama 9800 yako ni ile ya kwenye mashine pepe, 9800-CL, kuna mawili zaidi. Kwanza, haina cheti cha kiwandani kama zile za chuma, inabidi utengeneze cheti chake, na bila hicho AP zitaiona na hazitajiunga hata ukeshe. Pili, kwenye VMware tundu lake ni la kuchora tu ndani ya programu, kwa hiyo lile kundi la poti liwe VLAN 4095 ndo lipitishe tegi zote, na ruhusa za promiscuous na forged transmits ziwashwe. Hapo waya hata hauhusiki, tatizo liko ndani ya seva na we uko darini unabana vichwa vya kebo.

Haya, namba za fayawoli. AP na kontrola za Cisco zinaongea kwa CAPWAP, ambayo iliandikwa kama kiwango kwenye RFC 5415 mwaka 2009, kabla yake kulikuwa na LWAPP iliyotumia UDP (njia moja ya kusafirisha data, nyingine ni TCP) 12222 na 12223. CAPWAP ni UDP 5246 kwa mazungumzo ya uongozi na UDP 5247 kwa data ya wateja. Ukielewa mgawanyo huo dalili zinajisomea zenyewe. 5246 ikizibwa AP haionekani kabisa. 5246 ikiwa wazi na 5247 imezibwa, AP inaweza kuonekana kwenye kontrola lakini data ya wateja haipiti. Na watu wa fayawoli wanapenda sana kufungua TCP kwa mazoea, wanakwambia "tayari nimefungua 5246" kumbe ni TCP. Uliza UDP kwa jina lake.

MikroTik kwenye CAPsMAN nayo inatumia UDP 5246 na 5247, ila inaweza pia kuongea kwa MAC bila IP kabisa mkiwa kwenye swichi moja. Omada ya TP-Link inatumia UDP 29810 ya kutafutana, na TCP kuanzia 29811 na kuendelea za kuadopti (kontrola kuimiliki AP), kuapdeti na kuongoza. UniFi ni TCP 8080, hiyo AP inaita yenyewe kila muda kupeleka taarifa, UDP 3478 ya STUN (ya kuvuka rauta) na UDP 10001 ya kutafutana kwenye mtandao wa karibu.

Kitu kimoja naomba kieleweke vizuri: kwenye hizi zote AP ndo inampigia kontrola, sio kontrola inapiga kwa AP. Kwa hiyo kama kontrola iko kwenye seva ya kukodi huko Ulaya na AP ziko Mwanza nyuma ya rauta ya simu, huhitaji kufungua poti yoyote upande wa Mwanza, unafungua upande wa kontrola tu. Ukigeuza, kontrola iko nyumbani kwako nyuma ya intaneti ya simu ambapo mtoa huduma amekupa anwani inayoanzia 100.64, hiyo sio anwani ya umma, AP za nje hazitaifikia hata ufungue poti zote za rauta. Hapo ni VPN (njia ya siri juu ya intaneti) au uhamishe kontrola.

Wanaoweka kontrola kwenye laptopu, jambo la kwanza kabisa ni fayawoli ya Windows. Windows ikishaona mtandao ni wa aina ya Public inaziba watu wa nje, AP zinabisha hodi hazifunguliwi. Badilisha uwe Private au ruhusu programu yenyewe. La pili ni programu nyingine kukalia 8080. La tatu nimelikuta mara nyingi kwa wanaotumia Docker, yaani wanaoendesha programu ndani ya kontena lililojitenga: kontrola ya UniFi inaiambia AP "nitafute kwenye 172.17.0.2", hiyo ni anwani ya ndani ya kontena, AP haiwezi kuifikia milele, kwa hiyo inaanza kuadoptiwa inaenda vizuri alafu inapotea. Kuna sehemu ya mipangilio ya kuandika inform host kwa mkono, weka pale IP halisi ya mashine, imeisha.

Sasa turudi kwenye swali nililomuuliza meneja. AP inamjuaje kontrola? Za Cisco zinajaribu njia kadhaa: zinapiga kelele kwenye mtandao wao wenyewe kwa brodikasti, zinakumbuka kontrola za zamani, zinasoma opsheni 43 ya DHCP (sehemu ya kuandikia anwani ya kontrola), zinauliza DNS (daftari la majina ya mtandao) jina CISCO-CAPWAP-CONTROLLER likifuatiwa na domeni yenu, au mtu ameziandikia kwa mkono. Brodikasti haivuki rauta. Kwa hiyo AP zilizo VLAN moja na kontrola zitaipata hata kama hujapanga chochote, na zilizo VLAN nyingine zinategemea kabisa ulichopanga. Jengo kubwa lilikuwa VLAN moja na kontrola mpya, nyumba za ufukweni VLAN nyingine. Kwa hiyo meneja aliposema jengo kubwa ziko poa, kontrola ilikuwa nzima na leseni zilikuwepo, shida ilikuwa kwenye njia ya kuelekezwa au njia ya kupita.

Nilipofika nikaangalia swichi ya ufukweni, AP 5 zote zina umeme. Orodha ya DHCP, zote zina IP. Kutoka VLAN ile ping kwa kontrola mpya, 192.168.20.10, inajibu. Fundi aliyetangulia alikuwa amebadilisha opsheni 43 kweli, hakuacha ya kontrola ya zamani, na hapo mtu angeweza kusema opsheni iko sawa na kuendelea mbele. Nikachukua laptopu nikaiwekea poti ya swichi inakili kila kinachotoka kwenye AP moja, nikafungua Wireshark (programu ya kusoma paketi za mtandao) nikachuja UDP 5246. Paketi zilikuwepo, AP ilikuwa inaita bila kuchoka. Inamwita nani? 192.168.32.16.

Hakuna kitu chenye anwani hiyo pale hotelini. Nikarudi kwenye DHCP kuisoma opsheni herufi kwa herufi: f104c0a82010. Ile f1 ni alama ya aina, 04 ni urefu, baiti nne za kontrola moja, zingekuwa kontrola mbili ingekuwa 08. Baada ya hapo ni IP kwa heksadesimali, hesabu ya kizio cha kumi na sita. c0 ni 192, a8 ni 168, hapo sawa. Ila yeye 20 na 10 akaziandika kama zilivyo, na kwenye heksadesimali 20 ni 32 na 10 ni 16. Iliyotakiwa ni 14 na 0a, yaani f104c0a8140a. AP zilifanya zilichoambiwa kwa uaminifu kabisa kwa siku tatu, zikampigia mtu ambaye hayupo, na kila zilivyorisitiwa zilisoma kosa lile lile upya.

Nikarekebisha, nikazizima na kuziwasha poti zao. Zikaanza kuonekana kwenye kontrola, moja, ya pili, mpaka tano, kwanza zikashusha fimwea kwa sababu kontrola mpya ilikuwa toleo jipya zaidi. Hii ya kushusha fimwea watu wanaikatisha, wanaona taa zinabadilika badilika wanadhani imeharibika wanachomoa waya. Iache, hasa kama laini ni ndogo.

Kabla sijamaliza ya hoteli niseme la vyeti, kwa sababu kuna AP inayofika kwa kontrola kabisa, inabisha, na inakataliwa mlangoni. CAPWAP wanapeana vyeti kwenye DTLS (ufungaji wa mazungumzo yao kwa siri), na cheti kina tarehe. Saa ya kontrola ikiwa imerudi nyuma miaka kwa sababu haina NTP (huduma ya kusahihisha saa), cheti cha AP kinaonekana hakijaanza kutumika. Na upande mwingine, vyeti vya kiwandani vya AP nyingi za zamani za Cisco vilikuwa vya miaka 10, kwa hiyo ukinunua AP iliyotumika ya zamani inawezekana cheti kimeshakwisha, kwenye AireOS za baadaye kuna amri ya kuiambia kontrola isijali hilo, config ap cert-expiry-ignore mic enable. Pia kulikuwa na ile ya tarehe 4 Desemba 2022, cheti cha kusaini fimwea kilikwisha na AP nyingi za kizazi cha Cisco IOS zikawa zinajiunga zinabaki kwenye kushusha milele, dawa ikawa kupandisha toleo la kontrola, au kwa dharura kurudisha saa ya kontrola nyuma. Mtu asiyejua hilo anaweza kutupa AP nzima.

AP zilizotumika zina mengine mawili. Herufi iliyo kuelekea mwisho wa modeli, -E, -B na kadhalika, ni kundi la nchi, iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani ikija huku kontrola ikiwa na nchi nyingine, inakataliwa au inajiunga redio zikabaki zimezimwa. Na AP inaweza kuwa haijui kwamba inatakiwa kuwa na kontrola: ukiona k9w7 kwenye jina la fimwea ni ya kujitegemea, inayotafuta kontrola ni k9w8. Zile za Mobility Express zenyewe ni kontrola, unazirudisha kwa amri ya ap-type capwap.

Kwa matawi yanayounganishwa kwa VPN kuna MTU, ukubwa wa juu wa paketi moja. Paketi ndogo za kutafutana zinapita, zile kubwa zenye vyeti zinakwama, kwa hiyo kontrola inaiona AP ikiomba alafu kimya, inaomba tena, kimya. Pima kwenye Windows na ping -f -l 1472, ukiongeza baiti 28 za vichwa inakuwa 1500. Ikigoma shuka taratibu mpaka ipite, ndo utajua VPN yako inabeba ngapi.

Na kabla ya kupanga safari jiulize pia kama waifai imekufa kweli. UniFi au Omada ikipoteza kontrola AP inaendelea kuhudumia watu, ukurasa wa kuingilia wageni ndo unaweza kusumbua. Cisco kwenye hali ya local (data yote inapita kwa kontrola), kontrola ikipotea na waifai imepotea.

Sasa zile tano. Nne ziliisha kushusha fimwea zikakaa. Ya tano, ya nyumba ya mwisho karibu na maji, ikawa inafika katikati inapotea, inarudi, inapotea. Ningeweza kurudi kwenye opsheni 43 nikaanza kuichokonoa, lakini ilikuwa imeshavuka hatua hiyo, imeshamwona kontrola na imeshaonesha cheti, kwa hiyo nikashuka chini. Poti yake kwenye swichi inasema 100, wenzake wote 1000, na idadi ya makosa ya CRC (data iliyoharibika njiani) inapanda ukiiangalia. Nikapanda ngazi nikachomoa kichwa, pini tatu za kijani kabisa. Nikakata kama sentimita kumi mpaka nikaipata shaba safi, nikabana kichwa kipya, nikakifunga kwenye kiboksi chenye mpira wa kuzuia maji na kukigeuza tundu liangalie chini. Poti ikapanda 1000. Kabla sijamaliza kukunja ngazi kijana wa mapokezi akanipigia, ya tano imekuwa kijani.